Tumaini Hufundishwa Nyumbani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi huuvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na akiisha kuliacha daraja nyuma yake hufika Nyamwage, mahali inapochepuka njia ya kwenda Utete. Zamani za kivuko cha Ndundu msafiri huyo aliweza kulala njiani akingoja zamu yake ya kuvushwa. Siku hizi hupita upesi, pengine akisinzia, wala hatambui kwamba bonde alilolipita ni shule ya jambo ambalo sisi Wakristu hulikiri kila siku katika sala, na hulisahau kila tunapopungukiwa: yaani kumtumainia Mungu.

Juu ya jambo hilo twataka kusema leo na akina baba na akina mama. Twajua kwamba wengi wa wasomaji wetu hawajapata kuliona bonde la Rufiji. Haidhuru. Kila nyumba ina mto wake unaofurika.

Mkulima wa Rufiji hupanda mpunga kwa maji ya mvua, kisha huungoja mto. Maji yakija kwa kadiri, mpunga hustawi. Yakikosa kuja, hukauka. Yakija kwa wingi na kwa haraka, huzama wote. Lakini hapo habari haijaisha. Maji yakirudi mtoni huacha nyuma yake tope jeusi lenye rutuba, na katika unyevu wa tope hilo mkulima hupanda tena mahindi na kunde, wala hahitaji mvua. Kilimo hicho wenyeji hukiita mlau. Basi maji yaleyale yaliyomnyang'anya mpunga ndiyo yanayomwekea mlau, naye asiyevumilia mpaka maji yarudi hapati hiki wala kile.

Na katika mashamba hayo ya bondeni hujengwa dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ambamo watu hukaa wakilinda mazao na ndege na nguruwe, na maji yakipanda huwa juu yake. Baada ya gharika ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi wa bonde ikawaweka katika vijiji vya nchi ya juu. Lakini mashamba hayahamishiki, na kwa hiyo majira ya kilimo yalipofika watu walirudi bondeni, baba na mama na watoto, wakaishi katika madungu yao.

Tufikiri kidogo juu ya mtoto alalaye katika dungu. Ni usiku, chini ni maji, na ndani ya maji hayo mna viboko na mamba. Mtoto huyo amelala usingizi mzito. Je, alihubiriwa juu ya uimara wa nguzo? Hapana. Alimwona baba yake akizichagua nguzo msituni na kuzikataa zilizooza, akamwona akizichimbia chini mpaka jasho likamtoka. Na sasa anamwona baba yuyo huyo amelala juu ya dungu lilo hilo, ubavuni pake. Ndivyo mtoto anavyojifunza kutumaini. Mzazi anayemwambia mwanawe "Mtumainie Mungu", na huku yeye mwenyewe amekimbilia kwa mganga usiku, anamlaza mtoto katika dungu ambalo yeye hathubutu kulipanda.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 maji yalipita kiasi. Katika kata za Mohoro na Chumbi, upande huo huo wa kusini ya mto, nyumba zilizama na mashamba yakapotea, na jamaa wengi wakahama na vyombo vichache walivyoweza kubeba. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 katika nchi nzima. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika huko Somanga na kwingineko katika Kilwa, na abiria wakakwama njiani. Watu walibishana sana siku zile kama gharika ya Rufiji ilitoka kwa mvua peke yake au pia kwa maji yaliyofunguliwa katika bwawa kubwa la umeme lililo juu mtoni. Hayo tunawaachia wahandisi. Lakini lipo swali lisilo la wahandisi, nalo ni la mtoto anayemwuliza baba yake juu ya tuta la mchanga, karibu na godoro lililolowa: "Baba, si tulisali? Mbona maji yamekuja?"

Mzazi Mkristu atajibu nini?

Yako majibu mawili mabaya, na yote mawili hutamkwa kwa sauti ya uchaji. La kwanza husema: "Ni mapenzi ya Mungu, nyamaza." Jibu hili tunalifahamu, kwa kuwa sisi wenyewe tulilitoa zamani, tulipokuwa tungali wapya katika upadre, katika nyumba iliyofiwa na mtoto. Bibi wa marehemu alitutazama kwa upole akasema, "Padre, kaa kwanza." Tukakaa. Hakusema neno jingine, nasi tangu siku ile tunaona haya kila tukumbukapo jinsi tulivyofanya haraka kumsemea Mungu. Ni kweli kwamba hakuna linalotokea nje ya Maongozi yake. Lakini kweli hiyo si kifuniko cha kuzibia kinywa cha anayelia. Ayubu alilalamika sura baada ya sura, na mwishowe ni rafiki zake, wale waliokuwa na majibu tayari, waliokemewa na Mungu.

Jibu la pili ni baya zaidi: "Hatukusali vizuri." Mtoto akiambiwa hivyo atakua akidhani kwamba sala ni dawa, na kwamba dawa isipofanya kazi mgonjwa aliinywa vibaya. Atakapokuwa mtu mzima ataiacha sala, au ataifanya kuwa uchawi.

Na hapa twaomba ruhusa ya kukumbusha habari ya nchi hiyo hiyo. Katika Ngarambe, si mbali sana na bonde tunalolisema, alikaa Kinjikitile Ngwale, aliyewagawia watu maji na kuwaaminisha kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Katika Agosti mwaka 1905 Wajerumani walimnyonga pale pale Mohoro. Na vita ya Maji Maji ilipokwisha, makumi ya maelfu walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa. Hatuwacheki mababu hao. Waliudai utu wao, na taifa linawaheshimu kwa haki. Lakini katika mwezi huo huo, tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliyetoka Kilwa akielekea Peramiho pamoja na mabruda wawili na masista wawili, aliuawa nao wote huko Mikukuyumbu, karibu na Liwale. Watu hao watano walisali maisha yao yote, na mikuki haikugeuka maji. Hakuna Mkristu anayesema kwamba walisali vibaya, wala kwamba Mungu aliwatupa. Tumaini letu halisemi kwamba mkuki hautapenya. Lasema kwamba mkuki ukiisha kupenya, tungali mikononi mwa Baba. Vijana wale watatu wa kitabu cha Danieli waliotishwa kwa tanuru walimjibu mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Katika hilo "hata asipo" ndimo yalimo matumaini yote.

Katekisimu inatufundisha kwamba fadhila ya matumaini hukosewa kwa njia mbili, yaani kwa kukata tamaa na kwa kujitumainia ovyo. Ya kwanza twaijua. Ya pili hujificha chini ya jina la imani. Aliyeambiwa ahame bondeni akakaa akisema "Mungu atanilinda", mzazi anayeacha kumpeleka mtoto mwenye homa zahanati kwa sababu amekwisha kuombewa, hao wanamjaribu Mungu. Ibilisi alimshauri Bwana Wetu ajitupe kutoka kinara cha Hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, na Bwana alikataa. Jirani zetu Waislamu, ambao katika Rufiji ndio wengi, wana neno lao zuri, tawakali, na wazee wao wenye elimu hufundisha vilevile kwamba tawakali si uvivu. Medali ya Mama Bikira Maria shingoni mwa mtoto ni ukumbusho na ombi. Akivikwa kama hirizi, hata ikiwa imebarikiwa na Askofu, tumerudi Ngarambe.

Basi nyumbani ifanyweje? Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia kana kwamba ni Kanisa la nyumbani, na wazazi ukawaita wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Neno hili huonekana upesi katika sehemu kama Nyamwage, ambako nyumba za Wakatoliki ni chache nazo zimetawanyika. Mahali kama hapo, mtoto asipoona matumaini kwa baba na mama, hatayaona kwa wingi wa watu.

Tunashauri sala ya jioni, na tunajua kwamba wasomaji wamelisikia shauri hili mara nyingi. Lakini angalieni jinsi inavyosaliwa katika nyumba nyingi: haraka, kwa sauti ya kusinzia, na shida za nyumba hazitajwi kamwe. Baba anadaiwa, mama analijua deni, watoto wamesikia ugomvi chumbani. Wote wanapiga magoti, na Mungu peke yake ndiye asiyeambiwa. Kabla ya kuanza Baba Yetu, baba na aseme wazi mbele ya wote, kwa maneno yanayowafaa watoto: "Mwaka huu mpunga umekwenda. Sijui tutapataje ada ya shule. Tumwombe Mungu, na kesho nitakwenda kumwona fulani." Hapo watoto watayasikia mambo matatu kwa mara moja: kwamba baba hadanganyi, kwamba baba anaye wa kumlilia, na kwamba baba ataondoka asubuhi kwenda kutafuta. Akina baba wengine huogopa kwamba wakikiri udhaifu wao heshima itashuka. Sisi twaona kinyume chake: mtoto aliyepata kumwona baba yake akipiga magoti hamsahau mpaka uzeeni.

Tena ni lazima kushukuru kwa majina. Kusema "Tunakushukuru kwa yote" ni rahisi mno, na mtoto hajifunzi kitu. Yule jirani aliyewapokea usiku wa maji, huenda Mwislamu, ambaye mkewe aliwapikia uji, mashua iliyofika, mbegu za kunde zilizobaki kavu juu ya dari: hao na hayo yatajwe, moja moja. Maongozi ya Mungu mara nyingi huja kwa miguu ya watu, na mtoto aliyezoezwa kuwatambua watu hao atamtambua aliyewatuma. Naye atumwe pia. Familia iliyopoteza nusu ya chakula impelekee kibaba mjane aliyepoteza chote, na kibaba hicho kichukuliwe na mikono ya mtoto. Hili ni gumu. Mama atahesabu siku zilizobaki mpaka mavuno, na hatumlaumu kwa kuhesabu.

Na swali la yule mtoto? Twadhani baba anaweza kumjibu hivi: "Mwanangu, sijui kwa nini maji yamekuja. Nililia kama wewe. Lakini Bwana Yesu naye alisali Getsemani kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka, na Baba yake hakumwacha kaburini. Njoo tusali, kisha unishikie taa nitazame nguzo."

Tumeulizwa pia na mama mmoja ni nani aongoze sala baba anapokuwa shambani majuma mengi. Aongoze mama, na mama akiwa mgonjwa, aongoze mtoto mkubwa, hata kama ana miaka tisa na anakosea maneno. Baba naye huko bondeni asali saa ile ile, na wanawe waambiwe kwamba anasali.