Dubai hadi Guangzhou: Hesabu ya saa kabla ya hesabu ya mzigo

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayefuata bidhaa China mara nyingi hubadilisha ndege Dubai. Kipande cha Dubai hadi Guangzhou ndicho kirefu zaidi katika safari hiyo, na ndicho kinachowachanganya wengi katika kusoma tiketi. Anayekosea hesabu hupoteza siku nzima ya soko, huku hoteli na chakula vikilipiwa kama kawaida.

Umbali

Miji hiyo imeachana kwa takriban kilomita 5,800. Ndege kubwa ya abiria ikiwa juu huenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Hata hivyo, safari haiishi kwa saa 6 na nusu, kwa sababu upo muda wa kupanda, kushuka na kufuata njia za anga zilizopangwa. Safari isiyo na kituo huchukua saa 7 na dakika kadhaa kwenda, na karibu saa 8 kurudi. Tofauti hiyo huletwa na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo huo huisukuma ndege wakati wa kwenda na kuikabili wakati wa kurudi, hasa katika miezi ya baridi.

Kusoma tiketi

Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4, na mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Tiketi huandika saa ya kila mji kwa wakati wa mji huo. Kanuni ni rahisi: kwenda, toa 4, kurudi, ongeza 4.

Mfano: ndege inaondoka Dubai 10:00 na kufika Guangzhou 21:15. Tofauti ni saa 11 na dakika 15. Ukitoa 4, zinabaki saa 7 na dakika 15 za kukaa angani. Kurudi, inaondoka 00:15 na kufika Dubai 04:15. Tofauti ni saa 4. Ukiongeza 4, unapata saa 8.

Mtego wa usiku

Tiketi ya 00:15 Jumamosi ni saa sita na robo usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Abiria anayefika uwanjani Jumamosi usiku atakuta ndege yake imeondoka karibu siku nzima iliyopita, na huenda akalazimika kununua tiketi nyingine.

Kupanga miadi

Anayetoka Dar es Salaam Jumatatu 16:45 hufika Dubai 23:15, baada ya safari ya saa 5 na nusu. Akiunganisha ndege ya 02:15, atatua Guangzhou Jumanne 13:30. Bado kuna foleni ya uhamiaji, kungoja mizigo na safari ya kuingia mjini. Miadi na mwenye kiwanda iwekwe Jumatano asubuhi.

Hesabu hii ina uzito zaidi wakati wa Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu 1957, majira ya kuchipua na ya vuli. Hugawanywa katika awamu tatu za siku 5, kila awamu na bidhaa zake. Anayechelewa siku moja amepoteza moja ya tano ya nafasi yake ya kulinganisha bei.