SOMO LA KIKUNDI: TAREHE YA KLINIKI ISITUPITE

Somo letu leo ni juu ya kitu kidogo sana: ile tarehe ambayo muuguzi anaiandika kwa kalamu kwenye kadi ya mtoto.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Kinna. Mtoto anachanjwa akizaliwa, halafu anarudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua ni miezi 9, na ya pili miezi 18. Sasa, kati ya wiki 14 na miezi 9 ni muda mrefu. Mvua inakosa, mifugo inapelekwa fora, na mama anafuata. Kadi imebaki ndani ya sanduku. Tarehe inapita kimya kimya. Ukame ulioanza 2020 mpaka mwanzo wa 2023 ulitufundisha jinsi familia zinavyotawanyika. Lakini surua haingoji mtu arudi nyumbani.

Kompyuta inafanya nini?

Siku hizi kuna kliniki ambazo hazitegemei kadi peke yake. Mgonjwa akikubali, namba yake ya simu na tarehe yake ya kurudi zinaingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta inahesabu siku yenyewe, na tarehe ikikaribia inatuma meseji. Asipofika, jina lake linatokea kwenye orodha ili atafutwe. Hapa Kenya mfumo mmoja wa namna hii unaitwa Ushauri, nao umetumika katika kliniki za watu wanaomeza dawa za virusi vya Ukimwi. Muuguzi hahitaji tena kupekua daftari zima kutafuta nani hakuja.

Je, inasaidia kweli?

Tuna mifano miwili ya Kenya hii hii.

Wa kwanza ni utafiti wa WelTel, uliochapishwa 2010. Wagonjwa 538 wa kliniki 3 za Nairobi na Kajiado, waliokuwa wakianza dawa hizo, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata meseji kila wiki: "Mambo?" Basi, hapakuwa na neno la ugonjwa, hata mwingine akiisoma. Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya siku mbili. Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Mwishoni, virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa watu 57 katika kila 100 waliopata meseji, na 48 katika kila 100 wa fungu lingine.

Wa pili ni wa Siaya, uliochapishwa 2017, juu ya chanjo za watoto. Bila meseji, watoto 82 katika kila 100 walimaliza chanjo kufikia miezi 12. Kwa meseji peke yake, 86. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo, haikutosha kuthibitisha kwamba meseji ndiyo iliyoleta. Lakini mzazi alipopata meseji pamoja na shilingi 200 kwa kila chanjo iliyofanywa kwa wakati, walifika 90, na hapo tofauti ilithibitika.

Kumbe meseji inakumbusha, lakini haimbebi mtu. Simu haina miguu. Kule Nairobi na Kajiado nyuma ya meseji kulikuwa na mhudumu; kule Siaya kulikuwa na pesa kidogo. Hapo ndipo kikundi kinapoingia.

Kikundi kifanye nini?

1. Wekeni daftari la tarehe za chanjo na za kliniki ya wajawazito. Kila mkutano, katibu awakumbushe wale ambao siku yao inakuja. Mtu aandikwe kwa hiari yake tu. Magonjwa mengine yasisomwe mbele ya watu kamwe.

2. Mpeni muuguzi namba sahihi. Kama simu ni ya mume au ya jirani, aambiwe. Ukibadilisha laini, mwambie pia.

3. Asiyesoma apigiwe simu, kwa Kiborana ikiwa ndiyo lugha yake. Pale fora pasipo na mtandao, tumeni ujumbe kwa mtu anayeenda huko.

4. Tengeni mfuko mdogo wa nauli kutoka kwenye michango yenu.

5. Anayehama aende na kadi, na kwanza amuulize muuguzi ni wapi atapata chanjo inayofuata.

Na kama tarehe imeshapita? Usione haya, nenda tu. Mtoto haanzi upya; anaendelea pale alipoachia. Mama aliyechelewa akikaa nyumbani kwa kuogopa kukemewa, anayeumia ni mtoto.

Maswali ya kuzungumza

Katika kikundi chetu, ni watoto wangapi wanaokaribia miezi 9? Simu ya nyumbani inashikwa na nani? Nani kati yetu yuko fora sasa hivi, na nani atampelekea habari?

Msiondoke mkutanoni kabla ya kujibu hilo swali la mwisho kwa kutaja jina la atakayekwenda.