Pilau ya Krismasi na Sahani ya Jirani

Bibi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nimeolewa mwaka jana, na makazi yangu ni Kisauni, Mombasa. Krismasi iliyopita tulikwenda Rabai kwa wakwe zangu, na mwaka huu wao ndio wanaokuja kwetu, pamoja na mashemeji, mawifi na watoto. Na mume wangu amewaalika na wenzake wa kazini, hata jumla yetu yapata watu 30. Yeye ataka mbuzi, kuku wa kukaanga wa hotelini, keki kubwa ya dukani yenye mvinyo ndani, soda za kila namna na kreti nne za bia. Na fedha zisipotosha, asema, tutakopa, kwani Krismasi ni mara moja kwa mwaka. Mimi nafikiri karo ya Januari ya mdogo wangu tunayemsomesha, nami silali. Tena majirani zetu wa kulia na wa kushoto ni Waislamu, na Idi zote mbili wametuletea sahani. Sijui niwapelekee nini wakakila. Baba mkwe ni mtu wa tembo, na mama mkwe ni mtu wa kanisa asiyetaka kuona chupa. Nikipunguza kitu nitaitwa mchoyo. Nifanyeje?

Mwenye Kutahayari, Kisauni

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kalamu ikiwa mkononi, nikitia alama penye kila neno la chakula na penye kila neno la watu, nikaona kwamba watu wamekushughulisha zaidi kuliko chakula. Basi nami nitaanza na watu, kwani mwenye kuwajua atakaowalisha huwa amekwisha kuijua nusu ya atakachokipika.

Nianze na jirani, ingawa wewe umemtaja karibu na mwisho. Krismasi ya kwanza niliyoifanya katika nyumba yangu mwenyewe, miaka mingi iliyopita, nilipika pilau ya mbuzi aliyechinjwa na shemeji yangu uani, nikajaza sahani kubwa nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, nikaifunika kawa, nikaipeleka mwenyewe kwa mama mmoja Mwislamu, mtu mzima, tuliyepakana naye ukuta, ambaye tangu nihamie mtaa ule alikuwa akinitendea kama binti yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua, na siku ya pili sahani ikarudi imejaa kaimati. Miezi ilipita, mama yule akaugua, nikawa nakwenda kumwangalia, na katika mazungumzo bintiye akateleza ulimi, nikafahamu ya kuwa pilau ile hawakuila, kwa sababu hawakujua mnyama alichinjwa na nani, na mama hakutaka kuniuliza asije akanivunja moyo siku ya furaha yangu. Akampa bawabu mmoja wa Bara aliyekuwa akilinda duka la mkabala. Hakunilaumu hata kwa jicho. Mimi nililala na jambo lile kifuani, kwa kuwa nilitambua ya kuwa nilipeleka chakula bila ya kumfikiri mlaji wake.

Mwaka uliofuata mume wangu alimwendea mume wa mama yule siku tatu kabla ya sikukuu, akampigia hodi kwa adabu, akamwambia, “Mzee, twaomba utuchinjie.” Alikuja alfajiri na kisu chake, akachinja, akatutakia heri, na kabla jua halijapanda binti zake wawili walikuwa jikoni kwangu wakimenya vitunguu. Basi mumeo naye na afanye hivyo hivyo, mwanamume kwa mwanamume, wala asingoje siku yenyewe. Pilau itakayopikwa kwa mbuzi huyo, katika sufuria zisizopata kuguswa na pombe, italiwa na kila mtu atakayepita mlangoni pako, na wewe hutakuwa na haja ya kupika vyungu viwili wala kumweleza mtu lolote.

Kwa sababu hiyo hiyo nakushauri uiache keki yenye mvinyo, kwani hutaweza kukata kipande chake ukampa mtoto wa jirani. Tengeneza mikate miwili ya mayai, ya iliki: mayai na sukari vipigwe mpaka povu liwe jeupe na zito, unga utiwe mwisho kwa mkono mwepesi, kisha sufuria ifunikwe, na makaa yapaliwe juu na chini. Kazi hii huifanya mtu siku ya kuamkia sikukuu, nayo mikate haiharibiki kwa kulala.

Najua mumeo atasema kwamba hayo ni mambo ya kila siku na kwamba Krismasi yataka vitu vya fakhari. Mkumbushe, kwa upole, mahali anapotoka. Huko kwao Rabai, wamishonari Krapf na Rebmann waliweka misheni mwaka 1846. Na karibu nanyi hapo Kisauni pana Freretown, mji walioujenga wamishonari mwaka 1875 kuwa makazi ya watu waliotolewa utumwani. Sikukuu iliyokaa nasi muda wote huo, vizazi kwa vizazi, imekwisha kuwa mwenyeji wa Pwani, nayo haihitaji kuku wa hotelini ili iheshimike.

Ama fedha, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wewe mwenyewe unalijua jawabu. Karo ilipwe kwanza. Si kuwekwa kando kabatini, maana fedha za kabatini huitikia kila hodi; ilipwe kabla ya tarehe 20 Desemba na risiti itunzwe, kisha kilichobaki ndicho mtakachokigawa. Zungumza na mumeo usiku mmoja baada ya chakula, mkiwa wawili tu, na karatasi mbele yenu, wala usimwambie kwamba anafanya israfu. Mwulize ni kitu gani asichoweza kuvumilia kikikosekana, naye atakutajia kimoja au viwili, na hivyo mnunulie. Mwanamume anayewakaribisha wazazi wake nyumbani mwake kwa mara ya kwanza ana hofu kama yako, ila yeye huiita hofu yake ukarimu. Na wewe usikubali hata kidogo kukopa kwa ajili ya kulisha watu, kwa sababu chakula huliwa adhuhuri moja, na deni likakaa nawe mezani mpaka Kwaresima.

Sasa tuingie jikoni, ambako ndiko kwenye raha. Mbuzi mwenye uzani wa kilo 25 akiwa hai hutoa kiasi cha kilo 12 za nyama pamoja na mifupa, pengine pungufu kidogo, na hizo zawatosha watu wako. Kilo moja ya mchele hushibisha watu wazima wanane. Kwa watu 30, ambao wengi wao ni watoto, kilo nne ni za kutosha, na ya tano ni ya sahani za majirani na ya mgeni asiyealikwa, ambaye siku ya Krismasi hakosi. Nyama ya pilau na iwe kilo tano. Mapaja na mbavu zichomwe uani na wanaume, wanaotaka kushughulika na wasijue pa kukaa. Kichwa na miguu vitolewe supu ya wazee. Na kilichosalia kiwe mchuzi wa usiku. Hakuna haja ya kuku thelathini. Kuku wawili wa kupaka, kwa ajili ya sinia ya wakwe zako, watatosha kuonyesha heshima, na mama mkwe ataijua kazi ya tui zito atakapoionja.

Pilau ya kilo tano usiipike katika sufuria moja, hata kama unayo kubwa ya kuazima msikitini au kanisani, kwa maana mkono usiozoea huunguza chini na kuacha mbichi juu. Igawe mara mbili. Vitunguu visipungue kilo moja na nusu, na uvikaange kwa subira mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokoza, kwani rangi ya pilau yote hutoka hapo, na mwenye kuvitoa mapema kwa pupa hupika wali wa viungo na kuuita pilau. Bizari ya pilau, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu chache sana, vyote utwange mwenyewe asubuhi ile, si juzi. Mchele uuroweke, uuchuje, uutie katika supu ya nyama inayotokota, na maji yakikauka punguza moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wanavua viatu.

Na hapa nataka unisikilize sana, kwa sababu Desemba ni kaskazi, na joto la kaskazi halina huruma kwa chakula. Kitu chochote chenye nazi, kuku wa kupaka akiwamo, kipikwe asubuhi ile ile na kiliwe adhuhuri ile ile; tui likishinda jikoni huchacha. Wali nao, hata wa pilau, ukikaa kutwa katika joto huumiza matumbo, na watoto ndio huumia kwanza. Ikifika alasiri, kile kisicholiwa kigawe: mwenye kurudi Rabai afungiwe, jirani aongezewe, na cha kubaki kiingizwe katika friji upesi kikiwa kimetandazwa, si kimerundikwa. Tumbo la mkweo likichafuka usiku, jina la uchoyo uliloliogopa litaonekana jepesi.

Asubuhi kabla ya kanisa wape mahamri na mbaazi za nazi. Unga uukande usiku, uchelewe kidogo kuliko desturi yako, maana kwa joto hili huumuka haraka na ukipitiliza huchacha. Mbaazi zirowekwe tangu mchana. Mtu aliyefungua kinywa kwa mahamri ya moto hatazunguka jikoni saa tano akiuliza pilau imefika wapi.

Vinywaji ndivyo vilivyokutia homa, nami naona havina uzito huo. Embe zimejaa sokoni msimu huu, na ukwaju haukosi. Roweka ukwaju usiku katika maji yaliyochemshwa na kupoa, uchuje, utie sukari na tangawizi iliyotwangwa. Embe zitie maji kidogo na ndimu. Watu 30 kwa gilasi mbili kila mtu ni lita 15. Fanya nusu ya ukwaju na nusu ya embe, ununue barafu, na soda ziwe kreti moja ya watoto, kwa kuwa mtoto aliyeahidiwa soda hakubali sharubati. Kreti nne za bia ni chupa 100, na ukiwatoa watoto, na mama mkwe, na majirani, na wewe mwenyewe, utaona kila mnywaji amewekewa chupa nyingi kuliko siha yake. Simkatazi mumeo. Nasema kreti moja, ya wenzake wa kazini, na iletwe uani baada ya saa kumi na moja, sinia zikiwa zimekwisha kuondolewa, sahani za majirani zimekwisha kupelekwa, na mama mkwe amekwisha kujinyosha chumbani. Meza ya adhuhuri iwe haina chupa, nayo itakuwa ya wote.

Baba mkwe ni mtu wa staha yake, na tembo lake usilichanganye na bia za vijana. Mumeo na aagize kwa mgema anayemjua, liletwe lililogemwa asubuhi ile, kwa sababu tembo hugeuka saa kwa saa, tamu la asubuhi likawa kali la jioni, na lililolala si la kumpa mzee. Apewe kibuyu chake chini ya mwembe, na mwanawe akae naye. Kwa mama mkwe ni rahisi zaidi. Siku ya kuamkia Krismasi, atakapofika na mizigo, usimwambie apumzike. Mwambie, “Mama, vitunguu hivi vimenishinda, nitazamie rangi yake,” umwekee kigoda karibu na jiko. Kisha, sinia zikiwa tayari, mwombe yeye achague sahani ya jirani wa kulia na ya jirani wa kushoto, azifunike, na mwende nazo pamoja, wewe ukiwa nyuma yake.