Kibanda cha Chakula Bila Nyama: Somo kwa Vikundi vya Gesima



Katika somo hili tutaangalia biashara moja ambayo vikundi vingi vya akina mama huiwaza, halafu huiacha: kibanda cha kando ya barabara kinachouza chakula cha bei nafuu kisichokuwa na nyama. Hatuzungumzii hoteli. Ni meza, majiko mawili, sufuria tatu, benchi la wateja, na mabati ya kukinga ile mvua ya Gesima ya mchana ambayo sote tunaijua. Huenda kikundi chenu kimeweka pesa za mzunguko na mnajiuliza zifanye kazi gani. Pesa hizo ndizo karo ya watoto ya muhula ujao. Kwa hiyo tutakwenda polepole, hasa tutakapofika kwenye hesabu.

Nani atakula?

Swali hili ndilo la kwanza, kabla ya kununua hata kijiko. Hapa kwetu Masaba Kaskazini watu wengi wanaishi kwa chai na ndizi. Mchuma chai anaondoka nyumbani alfajiri na kurudi alasiri. Kijana wa bodaboda hana saa ya kula. Mwanafunzi wa shule ya kutwa ana shilingi chache mfukoni, na mama aliyekuja sokoni na mtoto mgongoni anataka kitu cha moto, si mandazi makavu tena. Hawa wote hawatafuti chakula kisicho na nyama. Wanatafuta chakula cha kushibisha ambacho wanaweza kukilipia. Nyama wangeipenda, lakini bei yake wanaijua.

Halafu kuna wale wanaokitafuta hasa. Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na mafundisho yao yakaenea mapema katika Gusii. Sisi Wakatoliki tulianza Nyabururu mwaka 1911. Kanisa la Waadventista limefundisha tangu zamani kwamba chakula cha mimea ni bora kwa mwili, na ingawa si kila Msabato ameacha nyama (wengi wanakula), wapo walioacha kabisa. Upande wetu tunazo Ijumaa za Kwaresima. Kwaresima huangukia kati ya Februari na Aprili, wakati ambapo karo imeshakausha mifuko na bonasi ya chai imebaki hadithi. Miezi hiyo muuza nyama analalamika. Ni miezi mizuri ya kuanza.

Pia kuna wageni na vijana waliosoma mijini ambao wanaitwa vegani. Hawa hawali nyama wala samaki, na pia hawagusi maziwa, mayai wala asali. Neno hilo lilianzishwa Uingereza mwaka 1944, lakini desturi yenyewe ni ya kale kuliko jina. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga zaidi ya siku 180 kwa mwaka, na siku hizo hawali kitu chochote cha mnyama. Ndiyo maana huko, katika mji wowote, siku ya mfungo utapata sinia la dengu, mboga na mchuzi wa unga wa njegere ukutane nalo hata kwenye hoteli ndogo kabisa.

Si chakula cha shida

Tatizo kubwa la biashara hii kwetu haliko kwenye sufuria. Liko kwenye fikra. Mgusii akipata mgeni anachinja kuku. Ukimwekea mgeni githeri anaweza kufikiri kwamba humheshimu, au kwamba nyumbani kwako mambo ni mabaya. Basi mama anayeuza chakula bila nyama akiandika ubaoni "chakula cha bei rahisi", amejifungia mlango mwenyewe. Hakuna anayetaka kuonekana na jirani akila umaskini kando ya barabara.

Angalia watu wa Mombasa. Asubuhi wananunua mbaazi za nazi na mahamri, na jioni viazi karai vilivyochovywa katika unga na kukaangwa, pamoja na ukwaju na pilipili. Bhajia nazo zilitoka kwa ndugu zetu wenye asili ya Kihindi, ambao wengi wao hawali nyama kabisa. Je, kuna anayesema Mswahili anakula mbaazi kwa sababu amekosa nyama? Anakula kwa sababu ni tamu, na tajiri na maskini wanasimama foleni moja. Hapo ndipo tunapotaka kufika. Kwa hiyo andika ubaoni jina la chakula chenyewe: chinsaga kwa njugu, ndizi za maharagwe, githeri ya avokado. Na usimhubirie mteja juu ya ubaya wa nyama, tafadhali. Alikuja kula.

Tena mboga zetu hazihitaji kuonewa haya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amefanya utafiti wa miaka mingi juu ya mboga za kienyeji, na mwaka 2010 alituzwa na Umoja wa Afrika. Yeye mwenyewe ameeleza hadharani kwamba alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa nyama, maziwa, samaki na mayai, akalelewa kwa mboga hizo hizo ambazo wengine waliziita magugu. Bibi zetu walimpa mzazi chinsaga ili kurudisha damu. Walijua walichokuwa wanafanya.

Nini kiwe kwenye sufuria

Anza na vyakula vitatu tu. Kibanda chenye vyakula kumi kinatupa vyakula saba kila jioni.

Cha kwanza ni githeri, kwa sababu inashibisha na mahindi na maharagwe yako karibu. Nafaka na maharagwe zikiliwa pamoja zinajaliziana, hivi kwamba mwili unapata karibu yale ya kujenga ambayo ungeyapata kwenye nyama. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Utapunguza kuni, na mteja hatasumbuliwa na tumbo. Maharagwe mekundu yasipoiva vizuri yana sumu inayotapisha, kwa hiyo lazima yachemke kwa nguvu kwanza, si chini ya dakika 10, kabla ya kupunguza moto. Usiyaweke juu ya makaa yanayokufa ukaenda zako shambani.

Cha pili ni ndizi za kupika pamoja na maharagwe au mchuzi wa njugu. Cha tatu ni mboga za kienyeji na ugali, hasa ugali wa wimbi ukiweza. Hapa kuna jambo la kuangalia. Chinsaga kwetu hupikwa ikalala kwenye maziwa ili uchungu upungue. Ni tamu, sikatai, lakini anayekwepa maziwa hawezi kuila. Njugu zilizosagwa zinafanya kazi ile ile ya kupunguza uchungu. Chagueni njia moja, na mkipika aina zote mbili, sufuria na mwiko visichanganywe. Ukichuma rinagu, toa matunda mabichi ya kijani kwa sababu yana sumu. Na ule unga wa mchuzi wa paketi soma karatasi yake vizuri, mwingine umetiwa ladha ya nyama. Mafuta yaliyokaanga samaki jana pia hayafai. Mteja aliyekuamini akigundua, hatarudi, na atawaambia wenzake.

Juu ya njugu na mahindi nasema neno moja kali. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haifi kwa kupikwa. Kuvu humea penye unyevu, na Gesima tuna unyevu wa kutosha. Njugu iliyokunjamana, yenye ukungu au rangi isiyo yake, itupe. Hata kuku usimpe. Afadhali hasara ya gorogoro moja.

Hesabu

Sasa chukueni kalamu. Bei hizi ni za mfano tu. Nendeni sokoni mweke za kwenu.

Gorogoro 2 za mahindi, ambazo ni kama kilo 4, shilingi 240. Gorogoro 1 ya maharagwe, shilingi 300. Nyanya, vitunguu na dania, 150. Mafuta na chumvi, 100. Kuni na makaa, 200. Maji, 30. Ushuru wa soko, 30. Jumla ni shilingi 1,050. Kilo 6 za nafaka kavu zikiiva zinakuwa kama kilo 14 na zaidi kidogo. Ukipakua gramu 400 kwa kila sahani unapata sahani 36. Tuseme 3 zimebaki au zimeliwa na wapishi, maana wapishi nao wana matumbo. Umeuza 33 kwa shilingi 40, umepata 1,320. Kilichobaki ni shilingi 270.

Je, hiyo ni faida? Ngoja kwanza. Kama mama wawili wameshinda hapo kutwa nzima, kila mmoja amepata 135. Kibarua cha shamba kinaweza kulipa zaidi. Hapa ndipo vikundi vingi hudanganyika: vinahesabu pesa zilizo kwenye mkebe, lakini havihesabu siku ya mtu. Mwenzetu anajitolea mwezi wa kwanza kwa moyo, mwezi wa pili anachelewa, mwezi wa tatu haji, halafu kikundi kinaanza kunong'onezana.

Kwa hiyo githeri peke yake haitoshi. Ongeza avokado. Nunua 10 kwa shilingi 10 kila moja, kata kila moja vipande vinne, uza vipande 30 kwa shilingi 10. Umetoa 100, umeingiza 300. Faida sasa ni 470. Ukiloweka nafaka na kufunika sufuria, kuni zikashuka kutoka 200 hadi 120, umefika 550. Hujapandisha bei ya sahani hata kidogo, na mwanafunzi bado anaweza kula. Naona faida ya kibanda cha namna hii inatoka kwenye vitu vidogo vya pembeni kama hivi.

Pesa ya kibanda isilale na pesa ya nyumba. Wekeni daftari, na anayeshika pesa asiwe ndiye anayeandika. Mikopo? Mpeni mtu mmoja mmoja hadi sahani moja, jina liandikwe, na asiyelipa ya jana asikope ya leo, hata kama ni binamu ya mwenyekiti.

Usafi na sheria

Kila anayegusa chakula apimwe na awe na cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila miezi 6. Leseni ya biashara hutolewa na serikali ya kaunti. Muoneni afisa wa afya ya umma kabla ya kujenga, si baada ya kufungiwa. Mara nyingi atawaonyesha mahali pafaapo pasipo na mtaro mchafu.

Fungeni kibuyu mchirizi kando ya benchi, na sabuni ifungwe kwa kamba ili isitembee. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Chakula kikae juu ya moto hadi mteja wa mwisho. Kilichopoa zaidi ya saa 2 kisirudishwe sokoni. Githeri ya jana inaharibika upesi kuliko watu wanavyodhani, na kuipasha moto kidogo tu hakuisafishi. Sahani zioshwe kwa maji yanayobadilishwa. Wateja wanaona.

Kwa afya ya anayekula

Madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe huingia mwilini polepole kuliko yale ya nyama. Ndimu, nyanya mbichi, pera au chungwa husaidia yaingie. Chai huyazuia. Najua nasema haya kwa watu wa chai! Lakini mama mjamzito akinywa chai juu ya chakula chake anapoteza sehemu ya kile alichonunua. Muuzieni chai, ila mshaurini ainywe saa moja kabla au baada, na wekeni kipande cha ndimu kwenye kila sahani ya mboga.

Jambo jingine ni vitamini B12, ambayo mimea haina. Mtu mzima anayeacha nyama siku kadhaa kwa wiki hana shida. Anayeacha vyote, pamoja na maziwa na mayai, anahitaji kuipata kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa. Mtoto mdogo na mama anayenyonyesha wasiachishwe vyote bila kuzungumza na mhudumu wa zahanati.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Tembeeni sokoni siku mbili, moja ya soko na moja isiyo ya soko. Hesabuni watu wanaokula nje kati ya saa tano na saa tisa. Wanakula nini, na wanalipa ngapi?

2. Rudieni hesabu ya hapo juu kwa bei za wiki hii. Je, siku ya kazi ya kila mwanachama inalipwa shilingi ngapi?

3. Chinsaga ya kibanda chenu itapikwa kwa maziwa au kwa njugu? Njugu zitatoka wapi, na nani atazichambua?

4. Kibanda kikipata hasara wiki tatu mfululizo, mtaamua nini, na karo ya nani itaguswa? Andikeni jibu hili kwenye daftari, wote wakiwepo, kabla ya kununua sufuria.