Somo la Vijana: Kunyamaza Si Utakatifu



Wapendwa vijana, kila mwaka ikikaribia Oktoba, wenzetu wa hapa Murukulazo na vigango vya jirani wanafunga mabegi kwenda chuo. Mmoja anaenda Mwanza, mwingine Dodoma, mwingine Dar es Salaam. Padre anawabariki mwisho wa Misa, mama anachomeka maharage kwenye begi, baba anasema, "Kasome, achana na makundi." Mimi ninayekaa na vijana parokiani naona tunawaambia mengi, ila jambo moja tunaliruka. Mtu akikubaka, au akikushika kwa nguvu, au mwalimu akikutaka kimwili ndiyo akupe maksi, unafanya nini? Unaenda wapi? Leo tujifunze hilo, kwa Neno na kwa sheria.

1. Susana na Tamari

Fungua Danieli sura ya 13. Susana yupo bustanini kwake. Wazee wawili, tena waamuzi, wanamwambia alale nao, la sivyo watasema wamemkuta na kijana. Ukisoma taratibu utaona hiyo ndiyo rushwa ya ngono ya leo: mwenye cheo anageuza cheo chake kuwa mtego. Susana akapiga kelele, lakini watu wakawaamini wazee kwa sababu tu ni wazee. Aliyesimama alikuwa kijana, Danieli. Akataka wahojiwe mmoja mmoja, na uongo wao ukajulikana pale walipotaja miti miwili tofauti. Mungu hakushusha moto. Alimwinua kijana aliyedai ushahidi upimwe vizuri.

Sasa nenda 2 Samweli 13. Tamari anabakwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu anamwambia anyamaze, maana ni ndugu. Mfalme Daudi anakasirika sana, halafu basi, hafanyi kitu. Tamari anabaki mkiwa, na baada ya miaka 2 Absalomu anamuua Amnoni. Yale "mambo ya nyumbani yaishie nyumbani" hayakuisha. Na sisi tunavijua vikao hivyo: wazee wanakaa jioni, inatajwa ng'ombe au hela, wanapeana mikono, na binti mwenyewe hajaulizwa hata neno moja.

2. Usafi hauporwi

Wengi waliotendewa hivi wanajiona wachafu. Wanaacha Komunyo, wanaacha kwaya, wanakaa nyuma kabisa kanisani. Ndugu yangu, sikiliza. Mwaka 410 Roma ilipovamiwa, wanawake Wakristo walibakwa, wakiwemo mabikira waliojiweka wakfu. Watu wakaanza kuwasema. Mtakatifu Augustino akawatetea katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu: usafi unakaa katika utashi, na asiyeridhia hajapoteza chochote mbele za Mungu. Dhambi ni ya aliyetenda.

Tunampenda Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro, Kongo, tarehe 1 Desemba 1964 kwa kumkataa mwanajeshi, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mwenye heri mwaka 1985. Lakini tusimfanye fimbo ya kuwachapia walio hai. Mwili ukiganda kwa woga, ukashindwa kupiga kelele, huko siyo kukubali. Aliyebaki hai hajatenda dhambi kwa kubaki hai.

Kwa hiyo kubakwa siyo jambo la kuungama. Na hapa ujue kitu: padre akilisikia ndani ya Kitubio, amefungwa na siri, hawezi kulifuatilia. Ukitaka akusaidie, mwombe mwongee nje ya Kitubio.

3. Sheria yetu inasemaje

Mwaka 1990 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Levina Mukasa, alikatisha maisha yake baada ya kunyanyaswa kijinsia pale chuoni. Wanawake wa nchi hii, wakiwemo waandishi wa habari wa TAMWA, hawakukubali jambo lile lizikwe naye. Miaka 8 baadaye, mwaka 1998, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo leo imo ndani ya Kanuni ya Adhabu. Mambo ya kushika ni haya:

- Kukubali kwa vitisho, kwa nguvu au ukiwa umeleweshwa si kukubali. Aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa ameridhia.
- Mtu mzima akipatikana na hatia ya kubaka, kifungo hakipungui miaka 30, na mahakama inaweza kuamuru alipe fidia.
- Sheria inamtaja waziwazi hata kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kubaka.
- Hili ni jinai, na mshtaki ni Jamhuri. Makubaliano ya wazee hayafuti kosa.
- Mwalimu anayedai ngono ili akupe haki yako anavunja kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

"Lakini hakuna aliyeona!" Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kosa la kubaka ni wa yule aliyetendewa. Mahakama ikimwamini, inaweza kutia hatiani hata bila shahidi mwingine. Ila mahakama huangalia pia kama ulimtaja mhusika mapema. Ndiyo maana nasema, hata kama hujaamua kushtaki, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, umtajie na jina.

4. Hatua kwa hatua

*Kwanza, mahali salama.* Ondoka pale ulipo, mwite rafiki. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Kama aliyetendewa ni mtoto, piga 116, ni bure.

*Pili, usioge kwanza.* Najua ndilo jambo unalolitamani kuliko yote. Nguo ulizovaa usizifue. Ziweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, siyo mfuko wa plastiki.

*Tatu, hospitali ndani ya saa 72.* Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya muda huo, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Daktari atakutibu majeraha, atakupima magonjwa mengine, na atakueleza kuhusu hatari ya mimba na dawa za kuizuia isitunge, ambazo nazo zina muda wake mfupi. Muulize yote bila aibu. Mikoa kadhaa ina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja. Ikikupata ukiwa likizo huku kwetu, kuna Murgwanza na Rulenge kwa upande wa Ngara, na Biharamulo kuna hospitali ya wilaya. Saa 72 zikipita, nenda hivyo hivyo, matibabu bado yapo.

*Nne, polisi.* Omba Dawati la Jinsia na Watoto. Watakupa PF3, fomu ambayo daktari anaijaza na inatumika mahakamani. Ukiwa umeumia sana, anza na hospitali, fomu itafuata. Una haki ya kwenda na mtu wa kukusindikiza.

*Tano, chuo.* Tangu 2021 serikali ina mwongozo wa madawati ya jinsia katika vyuo vya elimu ya juu na vya kati. Ukifika mwaka wa kwanza, ulizia dawati liko wapi kabla hujalihitaji, kama unavyoulizia maktaba. Dawati linaweza kukusaidia hata kuhamishwa bweni au kundi la semina. Kuripoti chuoni hakukuzuii kwenda polisi, na chuo hakiwezi kukuambia uchague kimoja.

*Kama ni maksi:* usiende ulikoitwa, usifute meseji, usizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp. Peleka TAKUKURU, namba ya bure ni 113.

*Huna hela ya wakili?* Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo hata wilayani. Ofisi ya ustawi wa jamii itakuelekeza.

Kaka zangu, nanyi mnatendewa, na mnanyamaza zaidi yetu. Hospitali, dawati na PF3 ni vyenu pia.

5. Akikuambia wewe

Wana TMCS na VIWAWA, siku moja mtu atakuja kwako. Usimuulize alivaa nini wala alifuata nini kule. Mwambie, "Nakuamini. Kosa si lako. Tutaenda wote." Halafu nenda naye kweli, mlipe nauli, mkae wote foleni. Usimwamulie na usimtangaze, hata kwenye nia za sala. Akisema hataki kuishi tena, usimwache peke yake usiku huo, na mpelekeni hospitali.

Na kama aliyetenda ni padre, mtawa au katekista? Njia ni zile zile: hospitali, polisi. Zaidi ya hapo, Papa Fransisko aliagiza mwaka 2019 kwamba makleri na watawa wanaopata taarifa ya unyanyasaji kama huo wairipoti kwa wakuu wa Kanisa, na kwamba anayeripoti asilazimishwe kunyamaza. Kulipenda Kanisa siyo kulifichia uovu.

Tafakari ya wiki

Katika kikundi chetu, sisi ni Danieli au ni Absalomu? Je, kuna dada au kaka aliyeacha kuja jumuiya na hatujawahi kumfuata?

Tusali. Ee Mungu uliyesikia kilio cha Susana, wasikie na hawa wanaolia kimyakimya hosteli na majumbani. Warudishie amani, uwape wa kuwasindikiza, na utupe sisi ujasiri wa kusimama nao. Mwenye Heri Anuarite, utuombee. Amina.