Blogu na Milisho ya Habari Darasani: Somo kwa Kamati za Parokia



Kamati inapopata fedha za shule, mara nyingi wazo la kwanza ni kununua kompyuta. Zinaletwa, zinapigwa picha, kisha zinafungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa kuwa hakuna aliyepanga zitafundishia nini. Katika somo hili tunaanza upande wa pili: kipindi kwanza, chombo baadaye. Tunaangalia jinsi mwalimu wa Chamwino, Bahi au Mpwapwa anavyoweza kutumia blogu na milisho ya habari kufundishia, hata pasipo na chumba cha kompyuta.

Maana ya maneno haya

Blogu ni daftari la wazi kwenye intaneti. Mwenye nalo huandika, huweka tarehe, na andiko jipya hukaa juu ya la zamani. Ndesanjo Macha alianza blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004. Mwaka uliofuata mpiga picha za magazeti Muhidin Issa Michuzi alianza yake, na Watanzania wengi walilijua neno blogu kupitia kwake.

Mlisho wa habari ni faili fupi ambalo tovuti huliandaa, lenye vichwa vya maandiko yake mapya na tarehe zake. Programu ya kusomea hupita kwenye tovuti zote alizochagua mwalimu na kuleta vichwa hivyo mahali pamoja. Mfumo unaojulikana zaidi, RSS, ulianza mwaka 1999. Google ilifunga programu yake ya kusomea milisho mwaka 2013, lakini nyingine zipo, na vipindi vingi vya sauti vya intaneti husambazwa kwa njia hiyo hiyo hadi leo. Faida yake kwa mwalimu ni mbili: faili ni jepesi, halimalizi bando, na vyanzo anavichagua yeye mwenyewe, hachaguliwi na mtandao wa kijamii.

Si jambo geni kwetu

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu wazima nchini kote vilikusanyika kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadili, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Miaka hiyo hiyo ya 1970, gazeti la Elimu Haina Mwisho lilichapwa Mwanza kwa ajili ya waliokuwa wametoka tu kujifunza kusoma. Utaratibu ulikuwa kupokea habari, kuijadili na kutenda. Chombo kimebadilika, utaratibu huo bado unafaa.

Vipindi vitatu vya mfano

*1. Jiografia: mvua.* Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kabla ya msimu. Wanafunzi wabandike utabiri huo ukutani, kisha wapime mvua ya shuleni kwao. Chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka inatosha: ikatwe juu, sehemu ya chini isiyo sawa ijazwe maji hadi alama ya sifuri, na kina kisomwe kwa rula kila asubuhi. Mwisho wa msimu walinganishe. Watagundua kwamba jumla ya mvua inaweza kuwa nzuri na mtama ukakauka, kwa sababu mvua ilikatika katikati, mara nyingi mwezi Februari. Hilo ni somo la kilimo ambalo mzazi naye atalielewa.

*2. Historia: makao makuu.* Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na ilitarajiwa kazi hiyo ichukue miaka kumi. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mwalimu akusanye habari za vipindi hivyo na kuzipanga kama blogu, mpya juu. Wanafunzi wazisome kutoka chini kwenda juu na kuulizana: mwandishi wa siku ile alijua nini, na nini kilikuwa bado ni tarajio? Hapo mtoto hujifunza kutofautisha ahadi na tendo.

*3. Hisabati na lugha: bei ya mahindi.* Soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, linajulikana kote nchini. Wanafunzi wafuatilie bei kwa wiki sita, wageuze bei ya gunia kuwa ya kilo, wachore grafu, kisha waandike habari fupi: nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Habari hiyo iandikwe kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Watoto wetu wengi humaliza darasa la saba kwa Kiswahili na kukutana na masomo ya Kiingereza kidato cha kwanza. Wengi hunyamaza hapo. Anayeifahamu habari tayari kwa lugha yake huipata lugha ya pili kwa urahisi zaidi.

Pasipo na umeme wala mtandao

Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na hazihitajiki. Mwalimu mmoja mwenye simu anaweza kuhifadhi habari tano akiwa mjini Jumamosi na kuzinakili kwenye manila. Tunaiita blogu ya ukutani: andiko jipya juu, tarehe pembeni, na nafasi chini ya kila andiko kwa maoni. Kinachohitajika ni manila, kalamu za wino mzito, gundi na bando dogo.

Tahadhari

Kabla ya kufungua blogu ya shule kwa umma, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kuwa na leseni na kulipa ada; zimebadilishwa mwaka 2020 na 2022. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa makusudi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu watoto pia. Kwa hiyo majina na sura za wanafunzi zisiwekwe mtandaoni. Nanyi wafadhili tunawaomba mpokee grafu ya mvua au habari iliyoandikwa na darasa kuwa ushahidi wa kazi, badala ya picha ya mtoto.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni mwalimu gani yuko tayari kuanza, na katika somo lipi?
2. Nani atagharimia manila na bando kwa muhula mmoja?
3. Blogu ya ukutani itawekwa wapi ili wazazi nao waisome?
4. Mwisho wa muhula, tutajuaje kwamba watoto wanasoma na kuuliza zaidi ya mwanzo?

Kamati itakayoweza kujibu maswali haya ndiyo iliyo tayari kuzungumzia kompyuta.