Maji ya gazi: jina moja, chupa nyingi

A-unganifu ni kifupi, lakini kinabeba mzigo mkubwa. Katika «maji ya mto» kinaonyesha mahali maji yanapotoka. Katika «maji ya kunywa», matumizi. Katika «maji ya moto», hali. Katika «maji ya chumvi», kilichomo. «Maji ya gazi» nayo yanataja kilichomo, yaani kaboni dioksidi, na kunyamazia mengine yote.

Tuangalie chupa mbili za Ufaransa, zote za chemchemi, zote zenye mapovu. Perrier ina sodiamu karibu miligramu 10 kwa lita. Vichy Célestins ina zaidi ya 1,100. Mgonjwa wa presha aliyeambiwa apunguze sodiamu hawezi kuzichukua kama kitu kimoja, ingawa jina letu linamruhusu.

Maji ya soda hutiwa gazi kiwandani, mara nyingi pamoja na bikaboneti ya sodiamu, na jina lake linatoka huko. Cha ajabu, nchini Kenya na Tanzania neno «soda» limehamia kwenye vinywaji vitamu. Sisi Kongo tunaviita sucré, na kwa maoni yangu jina letu ni la kweli zaidi: linamwonya mwenye kisukari kabla hajafungua chupa.

Tonic ndiyo inayodanganya zaidi. Uchungu wake ni wa kwinini, na sukari yake hujificha nyuma ya uchungu huo. Bukavu, ambako kwinini hutengenezwa kwa maganda ya mti, ni rahisi mtu kuidhania dawa ya malaria. Tupige hesabu. Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini kwa lita ya tonic. Mtu mzima anayetibiwa kwa vidonge vya kwinini hupewa kwa kawaida kama miligramu 1,800 kwa siku. Angehitaji zaidi ya lita 20 kila siku, pamoja na sukari yote iliyomo.

Sarufi yetu ina njia ya kutenganisha: tuache «ya gazi» itaje aina, kisha «-enye» itaje kilichoongezwa. Maji ya gazi yenye magadi. Maji ya gazi yenye kwinini na sukari. Ni marefu, ndiyo, lakini muuzaji na mnunuzi wataelewana.

Zoezi: kilindi cha Ziwa Kivu kina kaboni dioksidi na methani nyingi. Eleza kwa nini tunaweza kuyaita maji yake «maji yenye gazi», lakini tukisema «maji ya gazi» msikilizaji atatafuta chupa.